Kuboresha Mtambo Mdogo wa Kukeneka Mafuta ya Mchaichai Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majirani wanaopita nyuma ya nyumba yangu Igoma, Mwanza, pamoja na wageni wanaotoka Magu, Sengerema na Ukerewe wakiwa na mitambo waliyotengenezewa na mafundi wa mtaani, huniuliza karibu maswali yale yale. Wengi wao mtambo tayari wanao. Wanachokosa ni uwezo wa kuufanya utoe leo kile ulichotoa jana. Majibu yafuatayo yanahusu jambo hilo zaidi kuliko namna ya kuanza kujenga mtambo mpya.

Mtambo unaozungumziwa hapa ni wa namna gani?

Ni pipa la stenlesi la lita 30 lenye mfuniko. Chini yake hukaa maji, lita 9 au 10. Juu ya maji kuna wavu unaobeba majani yaliyokatwakatwa. Juu ya majani huachwa nafasi tupu kiasi cha upana wa kiganja. Kisha hufuata mfuniko, shingo, na bomba la shaba lililozungushwa, yaani koili, ndani ya ndoo ya maji baridi; koili na ndoo yake ndicho kipozeo. Mvuke hupanda, hupenya katikati ya majani, huyabeba mafuta ya kunukia, hupozwa ndani ya bomba, na kudondokea katika chupa ambamo mafuta na maji hujitenga. Kazi hiyo yote ndiyo inayoitwa kukeneka. Mwenye mtambo wa lita 15 au 50 anaweza kubadili vipimo vya maji na majani kwa uwiano, isipokuwa upana wa shingo na ukubwa wa kipozeo, kwa sababu viwili hivyo hufuata nguvu ya moto na si ukubwa wa pipa.

Je, huo si mtambo wa gongo?

Umbo linafanana, na anayeuliza hana kosa. Kukeneka pombe kali nyumbani bila leseni ni kosa la jinai hapa Tanzania, na sheria inayohusu moshi, yaani hiyo pombe ya kukeneka, ipo tangu mwaka 1966. Zaidi ya hayo, mvuke wa pombe hushika moto kwa urahisi mno, kwa hiyo mtambo ulioundwa kwa ajili ya maji na majani, uliowekwa juu ya jiko lenye miali, haufai kabisa kwa kazi hiyo. Maswali ya pombe siyajibu. Ninachoshauri ni kwamba kabla ya kuwasha mtambo kwa mara ya kwanza, umwalike mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe aje auone ukifanya kazi na anuse kinachotoka. Hatua hiyo ndogo hukuepusha na maelezo marefu ya baadaye.

Nimefunga kipimajoto kizuri, lakini kila siku napata matokeo tofauti. Nakosea wapi?

Swali hili ndilo mzizi wa mengine yote, na kosa linatokana na kudhani kwamba kudhibiti mtambo ni kudhibiti nyuzi za joto. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena hata ukiongeza kuni, mkaa au gesi mara mbili. Kinachoongezeka ni wingi wa mvuke unaozalishwa kwa dakika. Kwa hiyo kipimajoto kitasoma namba ile ile ilhali mtambo unakwenda polepole kama kinyonga, na kitasoma namba ile ile ilhali mvuke unafoka kwenye mdomo wa bomba na kupotea hewani pamoja na mafuta yako.

Mambo mawili tu ndiyo yaliyo mikononi mwako wakati kazi inaendelea: kiasi cha joto unachoingiza kwenye pipa, na kiasi cha joto unachokitoa kwenye kipozeo. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takriban kilojuli 2,257, kiasi ambacho, kikigawanywa kwa saa nzima, ni sawa na wati 630 hivi. Ukitaka mtambo utoe lita 2 kwa saa, lazima wati zisizopungua 1,260 ziyafikie maji yenyewe, ukiachilia mbali zile zinazopotea kwenye kuta za pipa. Ukilielewa hesabu hilo, utaacha kuuliza "nyuzi ngapi?" na utaanza kuuliza "lita ngapi kwa saa?", kisha utanunua kikombe chenye alama za mililita na saa ya mkononi, ambavyo kwa pamoja ni kifaa bora cha udhibiti kuliko kipimajoto cha bei ghali. Kinga matone kwa dakika 5, zidisha kwa 12, andika daftarini. Mimi huandika kila robo saa, na kurasa hizo zimenifundisha mambo ambayo fundi aliyenitengenezea pipa hakuyajua.

Hata hivyo usikitupe kipimajoto. Kiweke mahali pawili penye maana: kwenye shingo, ili ujue mvuke umefika, na kwenye mdomo wa kutolea, ili ujue kipozeo kinaendeleaje. Kukitumbukiza ndani ya maji yanayochemka hakukupi habari yoyote.

Maji yangu yanachemka kipimajoto kikisoma 96. Je, kipimajoto ni kibovu?

Hapana, kirudishe ukutani kwa heshima. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko juu kidogo ya hapo. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Kipimajoto kinachosoma 100 kwenye maji yanayochemka Mwanza ndicho chenye kasoro ya nyuzi 4.

Jambo hili lina athari nyingine ambayo wachache huifikiria. Kilo moja ya maji, ikigeuka mvuke pwani, hujaza takriban lita 1,670. Hapa kwetu hujaza karibu lita 1,900. Mvuke wetu unahitaji njia pana zaidi kidogo, na mtambo uliochorwa kwa kipimo cha pwani unaweza kubanwa shingoni ukiletwa huku.

Nitumie mkaa, gesi au umeme?

Mkaa unawezekana, lakini udhibiti wake ni wa kuchelewa: ukifunga mlango wa jiko sasa, mtambo utakutii baada ya dakika kadhaa, na katika muda huo kipozeo kinaweza kuwa kimezidiwa. Anayelazimika kutumia mkaa na awe na jiko lenye mlango wa hewa unaofungika sawasawa, aweke bati nene kati ya moto na pipa ili joto lisambae, na ajenge kizuizi cha upepo, maana upepo wa ziwani wa alasiri humgeuzia mtu hesabu zake zote.

Gesi hutii papo hapo. Tatizo lake ni kwamba kitufe cha jiko la kawaida huwa na nafasi finyu kati ya moto mdogo na moto mkubwa, hivyo chora alama kwa rangi ya kucha kwenye kitufe na kwenye fremu mara utakapopata kasi unayoitaka, ili kesho urudi pale pale. Mtungi ukikaribia kuisha mwali hupungua wenyewe. Pima kabla ya kuanza.

Umeme ndio ninaoupendelea, na njia ya bei nafuu ya kupata ngazi tatu za moto bila kifaa chochote cha kielektroniki ni hita mbili zinazolingana, kila moja ya wati 1,500, za aina ile ya boila za maji ya kuogea, zinazofungwa kwa nati kwenye ukuta wa pipa. Zikiwashwa zote mbili sambamba hutoa wati 3,000, ambazo hufikisha pipa kwenye mchemko kwa nusu saa hivi. Ikiwashwa moja peke yake hutoa wati 1,500, na hiyo ndiyo hali ya kazi, inayotoa karibu lita 2 kwa saa baada ya kutoa hasara za ukutani. Zikiunganishwa kwa mfuatano, umeme ukipita ya kwanza ndipo uingie ya pili, kila moja hupata nusu ya volti na hutoa robo ya nguvu yake, hivyo jumla huwa wati 750. Hali hii inafaa kwa majani yanayotoa povu au mwishoni mwa kazi. Swichi za kubadilisha hali hizo lazima zifungwe na fundi umeme mwenye leseni, kwenye laini ya peke yake yenye kikata umeme na waya wa ethi uliofungwa kwenye mwili wa pipa, kwa kuwa wati 3,000 huvuta ampea 13 na soketi ya kawaida ya sebuleni inaweza kuungua. Hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ile inayouzwa na wamachinga, isikaribie kabisa kazi hii.

Kuna kidhibiti cha kuzungusha ambacho hupunguza nguvu kidogo kidogo, nacho ni kizuri, ila namba ya wati iliyoandikwa juu yake uigawe kwa mbili kabla ya kuiamini.

Neno moja kuhusu umeme wenyewe: nguvu ya hita hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, jambo ambalo mitaa mingi huliona jioni watu wanapopika, hita yako hupoteza karibu robo ya nguvu yake bila wewe kugusa kitu. Daftari langu lilikuwa na siku kadhaa za "uvivu wa majani" ambazo baadaye niligundua zote zilikuwa za saa 1 hadi saa 3 usiku. Sasa nakeneka asubuhi.

Je, kidhibiti joto cha kidijitali kinachowasha na kuzima hita chenyewe hakifai?

Kinafaa kwa kutotolea vifaranga. Kwenye mtambo huu, ukikiwekea nyuzi 95 maji hayatachemka kamwe, na ukikiwekea nyuzi 97 hita haitazimika kamwe. Ukikifunga kwenye mdomo wa kipozeo ili kikate umeme matone yakizidi nyuzi 50, hapo kinakuwa mlinzi mzuri, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyokipa.

Mvuke unatoka kwenye mdomo wa bomba badala ya matone. Nirefushe koili?

Kabla ya kununua shaba zaidi, angalia maji ya kupoza. Kila lita inayokusanywa huacha kwenye ndoo takriban kilojuli 2,500. Ndoo ya lita 20 isiyobadilishwa maji, ikianza na nyuzi 25, hufika nyuzi 60 baada ya kukusanya lita moja na robo tu, yaani chini ya dakika 40 za kazi kwa kasi ya lita 2 kwa saa. Koili inaweza kuwa ndefu kutoka hapa hadi Nyegezi. Maji yakiwa ya moto haitapoza.

Marekebisho yako matatu, na nimeyapanga kwa gharama.

La kwanza halina gharama: maji ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini, kwa hiyo usimwage maji mapya juu ya ndoo. Shusha mpira hadi sakafuni mwa ndoo, uingize maji ya baridi huko, na toboa tundu karibu na ukingo wa juu ili yale ya moto yatoke. Mvuke unaingia kwa juu na kukutana kwanza na maji ya vuguvugu, kisha ya baridi zaidi kadiri unavyoshuka.

La pili ni kuondoa mabonde kwenye koili. Bomba lililozungushwa kwa mkono mara nyingi lina sehemu iliyopinda chini kisha ikapanda kidogo, na hapo maji hutuama, mvuke husukuma kwa vishindo, na matone hutoka kwa kukohoakohoa badala ya kutiririka. Mafundi wa friji hujaza bomba mchanga mkavu kabla ya kulizungusha kwenye gogo au mtungi ili lisibonyee. Mwishowe mimina maji juu, kisha puliza: ukisikia mgugumo, kuna bonde. Kumbuka kuosha mchanga wote.

La tatu ndilo lililobadilisha kazi yangu. Nilichukua pipa la lita 200 la maji, nikaliinua juu ya matofali, nikaunganisha mpira kutoka chini ya pipa hadi chini ya chombo cha kupozea kilichofungwa, na mpira mwingine kutoka juu ya chombo hicho kurudi kwenye pipa, mdomo wake ukiwa umezama chini kidogo ya uso wa maji. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, bila pampu na bila umeme. Kazi ya lita 5 za matone hupandisha joto la pipa zima kwa nyuzi 15 tu, kutoka 25 hadi 40, na kesho yake asubuhi limepoa. Yakitumika hivyo, maji hayapotei, jambo ambalo kwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, si dogo.

Lengo ni matone yenye joto la nyuzi 30 hadi 40, yaani vuguvugu kidoleni. Yakizidi hapo, harufu unayoisikia uani ni mafuta yanayokimbia. Wala usipoze kupita kiasi: baadhi ya aina za kivumbasi zina kafuri nyingi, ambayo huganda ndani ya bomba lenye baridi na inaweza kuliziba.

Naweza kutumia maji ya ziwa?

Kwa kupozea, ndiyo, na kwa anayeishi mwaloni, ufukweni mwa ziwa, ni baraka, kwani maji ya ziwa hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Chuja kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, maana mwani wa kijani na vipande vya magugumaji huziba mpira, na utelezi unaoota ndani ya chombo cha kupozea hupunguza upoaji kidogo kidogo bila wewe kujua. Kila mwezi sugua. Maji ya moto usiyarudishe ziwani moja kwa moja. Yaache yapoe na umwagilie bustani. Kwa maji ya ndani ya pipa, yanayogeuka mvuke, tumia ya bomba au ya mvua.

Shingo iwe na upana gani, na je, niweke koki ya kupunguza mvuke?

Kwa wati 1,500, bomba la kipenyo cha milimita 25 linatosha vizuri. Kwa wati 3,000 nenda milimita 32 au 40. Shingo nyembamba hulazimisha mvuke kukimbia kwa kasi na kubeba povu na vipande vya majani hadi kwenye koili. Funika mfuniko na shingo kwa blanketi kuukuu la sufu ikiwa moto ni wa umeme, au jenga ukuta wa pili na ujaze pumba za mpunga, ambazo huku Usukumani hazikosekani. Mvuke unaopozwa kwenye mfuniko hurudi chini na kukulazimu kuuchemsha tena kwa pesa zako.

Kuhusu koki, jibu ni hapana, na sitalilegeza. Kati ya pipa na mdomo wa kutolea kusiwe na kitu chochote kinachoweza kufungwa, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Mtambo huu hufanya kazi kwa shinikizo la hewa ya kawaida, na pipa la mabati membamba lililozibwa huku moto unawaka ni bomu la kutengeneza mwenyewe.

Badala ya koki, ongeza kile ninachokiita bomba la usalama. Ni bomba la stenlesi la milimita 20, linalopita kwenye mfuniko na kwenye wavu, likizama hadi sentimita 4 kutoka sakafu ya pipa, na juu likipanda sentimita 60 kupita mfuniko, ncha yake ikiwa imepindwa kuelekea mahali ambapo hapapiti mtu wala mtoto. Lina kazi nne. Njia ya mvuke ikiziba, maji hupanda ndani ya bomba hilo na kumwagika nje, na shinikizo hupata pa kutokea kabla halijawa la hatari. Maji ya pipa yakipungua hadi chini ya ncha yake, mvuke hupuliza kupitia humo, na hiyo ndiyo kengele ya kwamba maji yanakwisha. Kwa kuondoa pindo la juu unaweza kuongeza maji ya moto kwa faneli bila kufungua mfuniko. Kazi ya nne utaikuta kwenye swali la mwisho. Hita lazima ziwe chini ya usawa wa ncha hiyo, ili kengele ilie zikiwa bado zimezama.

Mfuniko unavuja. Nizibe kwa nini?

Unga wa ngano uliokandwa na maji, ukapakwa kuzunguka ukingo, huziba vizuri, hukauka kwa joto, na shinikizo likizidi hupasuka wenyewe. Wazee waliotangulia hawakuwa wajinga. Gasketi ya silikoni inayotumika kwenye vyakula ni safi zaidi na hurudiwa. Mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli ni kosa ninaloliona kila mahali: mafuta ya mchaichai huulainisha, nao huyarudishia harufu yake.

Mafuta yangu yananuka moshi. Kwa nini?

Majani yamegusa sakafu yenye moto, au maji yaliisha. Hesabu kabla ya kuwasha: lita 2 kwa saa kwa saa mbili na nusu ni lita 5, ukiweka 9, unabakiwa na 4 za kufunika hita. Wavu uwe na miguu imara, kwa sababu majani mabichi yakilowa huwa mazito na huuangusha.

Majani niyapange vipi?

Yakate urefu wa sentimita 3 hadi 5, yaanike kivulini siku moja yanyauke, kisha yajaze kwa kuyasawazisha kila safu, bila kuyashindilia kwa miguu. Mvuke ni mvivu kama maji ya mvua: ukiuachia upenyo mmoja kando ya ukuta, utapita humo wote na kuyaacha majani ya katikati yakiwa mabichi. Ukimaliza kazi, chimbua katikati ya rundo. Ukikuta majani ya kijani kibichi yenye harufu kali, hilo ndilo tatizo lako, na moto hauhusiki. Pipa langu hubeba kilo 5 hivi za majani yaliyonyauka.

Chupa ya kutenganishia nitaitengenezaje?

Unahitaji chombo cha kioo, kirefu na chembamba, chenye njia mbili za kutokea. Maji hutokea chini kabisa, kupitia bomba linalopanda nje kama shingo ya bata hadi karibu na mdomo. Mafuta hubaki juu na hutokea kwenye mdomo wa pembeni. Siri iko kwenye kimo cha shingo hiyo. Mafuta ya mchaichai yana uzito wa takriban 0.89 wa ule wa maji, kwa hiyo safu ya mafuta yenye kina cha sentimita 10 hulingana na sentimita 8.9 za maji. Ukitaka safu hiyo, mdomo wa shingo ya maji uwe chini ya mdomo wa mafuta kwa sentimita 1.1. Ukikosea kuelekea juu, maji yatatokea kwenye njia ya mafuta. Ukikosea kuelekea chini, mafuta yatakusanyika hadi yatoke na maji. Tumia mpira wa silikoni unaoweza kuinuliwa na kushushwa, na hutahitaji hesabu. Matone yaingie kupitia faneli yenye mkia mrefu uliopindwa kuelekea juu, ili yasivuruge safu.

Kwa karafuu mambo hugeuka, kwa kuwa mafuta yake ni mazito kuliko maji na huzama chini. Wenzetu wa Pemba, wenye kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi, wanalijua hilo kuliko sisi.

Maji yanayotoka chini usiyamwage. Bado yana harufu na mafuta kidogo yaliyoyeyuka. Yatumie kujaza pipa kwa kazi inayofuata.

Nitapata mafuta kiasi gani?

Mchaichai mbichi hutoa kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito wake. Kilo 5 kwa asilimia 0.3 ni gramu 15, yaani mililita 17 hivi. Watu wengine hununa wakisikia hivyo, na ni afadhali wanune kabla ya kununua pipa.

Nijuaje wakati wa kuzima?

Badilisha kikombe kila dakika 15 na ulinganishe unene wa mafuta. Sehemu kubwa hutoka katika saa ya kwanza; kwa kawaida kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu kikombe huonyesha utando mwembamba tu, na kuanzia hapo unauza umeme ili kununua harufu. Punguza moto hadi wati 750 kwa dakika 20 za mwisho ukipenda.

Chuma kipi kiepukwe?

Epuka mabati yaliyopakwa zinki, lehemu yenye risasi kwenye viungio, na pipa lolote lililowahi kubeba dawa za pamba au kemikali, hata likioshwa mara saba. Shaba inakubalika kwenye koili, ingawa huweza kuyapa mafuta rangi ya kijani. Stenlesi au kioo ni bora. Waombe mafundi wanaochomelea kwa gesi ya agoni. Ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Mwanza inaweza kukuelekeza kwa mafundi waliozoea vyombo vya vyakula. Mafuta yahifadhiwe kwenye chupa ya kioo cheusi, si ya plastiki.

Naruhusiwa kuuza?

Mafuta ya kupaka na vipodozi vipo chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu mwaka 2019, nako ndiko pa kuanzia kabla ya kubandika lebo. Usiandike kwenye chupa kwamba mafuta yanatibu ugonjwa wowote. Hapo unaingia kwenye eneo la dawa, ambalo ni la TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanye nini?

Kwanza zima swichi zote, ili umeme ukirudi usikukute hita zimewaka na maji yamepungua. Pili, hakikisha mdomo wa kipozeo haujazama ndani ya maji ya chupa, kwa sababu pipa linapopoa mvuke wa ndani husinyaa na kuvuta chochote kilicho mdomoni, na mafuta ya asubuhi nzima hurudi kwenye koili. Mwenye bomba la usalama ana nafuu, kwani hewa huingia kwa njia hiyo ikipiga mapovu chini ya maji, na pipa halibonyei. Hiyo ndiyo kazi yake ya nne. Usifungue mfuniko. Mafuta yaliyokwishatoka yaondoe na uyafunge kwenye chupa yake. Umeme ukirudi ndani ya saa moja, ongeza maji ya moto kupitia bomba hilo, anza tena na wati 3,000 hadi matone ya kwanza, kisha rudi kwenye 1,500. Ukichelewa kuliko hapo, majani yameshajipika kwenye unyevu wao na kilichobaki hakilipi umeme wake. Wape ng'ombe wa jirani, ambao wa kwangu huyala bila malalamiko.